Kilembwe Aijuaye Njia

Januari 1976, profesa mmoja wa Kanada aitwaye Fred Urquhart alikuwa amekaa kupumzika katika msitu wa mlimani, jimbo la Michoacán nchini Meksiko, kiasi cha mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Umri wake ulishavuka miaka 60 na hewa ya huko juu ni nyepesi. Miti iliyomzunguka haikuonekana magome wala majani, ilivikwa vipepeo kuanzia shinani hadi nchani. Ghafla tawi moja likazidiwa na mzigo, likakatika na kuwamwaga chini. Kipepeo mmoja wa aina hii ana uzito wa nusu gramu hivi. Piga hesabu mwenyewe ni wangapi wanaotosha kuvunja tawi. Katika lundo lile Urquhart akamwona mmoja mwenye kibandiko kidogo bawani. Namba yake ilipofuatiliwa ikagundulika kuwa alibandikwa Agosti iliyotangulia na wanafunzi wawili wa shule huko Minnesota, Marekani, karibu kilomita 3,000 upande wa kaskazini.

Urquhart na mkewe Norah walikuwa wakibandika mabawa ya vipepeo tangu miaka ya 1940, wakisaidiwa na watu wengi wa kujitolea, ili wajue wanakwenda wapi baridi ikianza. Msitu wenyewe ulipatikana Januari 1975, na waliouona kwanza kwa niaba yao ni Catalina Aguado, mzaliwa wa Michoacán, pamoja na Kenneth Brugger. Nasema "ulipatikana" kwa hesabu ya wanasayansi. Wamazahua na wakulima wanaoishi chini ya milima ile walikuwa wakiwaona vipepeo hao kila mwanzo wa Novemba, wakati wa Siku ya Wafu, na wako waliosema ni roho za marehemu zimekuja kuwatazama jamaa zao. Wao walijua wageni wanafikia wapi bila kujua walikotoka. Urquhart alijua walikotoka, akawa anatafuta wanakofikia.

Kipepeo huyu ni monaki, jina lenye maana ya mtawala. Wanasayansi humwita Danaus plexippus. Mabawa yake ni ya rangi ya chungwa, yana mishipa myeusi, na ukingo wake mweusi umetonwa madoa meupe.

Wahamaji wengine tunawajua. Korongo weupe wanaotua Serengeti ndio hao hao waliotoka Ulaya, na wakijaliwa uhai watarudi huko wenyewe. Monaki hana bahati hiyo. Wanaoondoka Meksiko mwezi Machi, mabawa yamechakaa, hufika Texas na majimbo ya jirani, hutaga mayai na kufa. Watoto wao ndio wanaosogea kaskazini. Wajukuu wanaendelea pale wazazi walipoishia. Vitukuu wanazaliwa katikati ya kiangazi, wametapakaa mpaka kusini mwa Kanada. Kila kizazi kati ya hivyo huishi wiki mbili hadi sita tu baada ya kuota mabawa. Kisha, Agosti ikielekea kwisha, anazaliwa kilembwe, na huyu ni kiumbe wa namna nyingine. Hana haja ya mwenza. Anafyonza nekta na kujiwekea mafuta mwilini, anaishi miezi minane au tisa, na anashika njia ya kusini mpaka kwenye vilima vile vile ambavyo hakuna jamaa yake aliye hai aliyewahi kuviona.

Nani kamwambia? Sehemu ya jibu iko kwenye papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani. Monaki hufuata jua, lakini jua halitulii mahali pamoja. Kwa saa moja husogea nyuzi 15 angani, kwa hiyo anayelifuata bila saa atajikuta anazunguka. Mwaka 2009 timu ya mtafiti Steven Reppert ilipaka papasi za vipepeo rangi nyeusi, nao wakaruka kwa bidii zote lakini wakaelekea upande usio wao. Waliopakwa rangi isiyozuia mwanga walielekea kusini vizuri tu. Ikaonekana kwamba saa inayosahihisha dira ya jua imefungwa kwenye papasi, na inahitaji mwanga. Miaka mitano baadaye ikaonyeshwa pia kwamba wana uwezo wa kuhisi mwinamo wa usumaku wa dunia.

Sehemu ya pili ya jibu ndiyo inayonihusu zaidi hapa, nayo haisimuliwi sana. Kinachomfanya kilembwe azaliwe msafiri badala ya mzazi ni alama alizozipata alipokuwa bado anakua: siku zinazofupika, tofauti ya joto kati ya mchana na usiku, na majani anayokula kuwa yamekomaa na kuanza kukauka. Jani kuukuu lenyewe linamwambia kwamba msimu umekwisha.

Jani hilo ni la mmea mmoja. Kwa safari ya kusini nekta ya ua lolote inatosha. Safari ya kaskazini ni ya kuzaa, na monaki hatagi ovyo. Kiwavi wake hula mimea ya jamii moja inayoitwa Asclepias, ambayo ina spishi zaidi ya 100 Amerika Kaskazini. Kiswahili hakijaupa mmea huo jina lililozoeleka. Nitauita gugu-maziwa, kwa kufuata wenyeji wake, maana ukivunja jani linatoa utomvu mweupe mzito unaonata vidoleni. Na ni gugu kweli. Lile la kawaida zaidi, Asclepias syriaca, huota kando ya barabara, kwenye mitaro na katikati ya mashamba, na mizizi yake inatambaa chini kwa chini, ukikata hapa linachipua pale.

Mara moja tu katika historia yake gugu hili lilitukuka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Japani iliteka Java, kulikokuwa kukitoka sufi ya kujazia majaketi ya kuokolea mabaharia. Sufi hiyo ni hii hii ya misufi yetu ya pwani, ya mito na magodoro. Marekani ikabaki haina. Mbegu za gugu-maziwa nazo zina manyoya mepesi yasiyoshika maji, basi watoto wa shule wakatumwa porini na magunia kukusanya maganda yake; magunia mawili yalitosha jaketi moja. Vita vilipokwisha, gugu likarudi kuwa gugu.

Utomvu wake una sumu ya moyo, aina ya kadenolaidi. Jina ni geni lakini dawa yenyewe ina ndugu huku kwetu: ndiyo jamii ya sumu inayochemshwa kutoka kwenye msunguti, ambayo wawindaji Waata na Wakamba walipaka mishale ya kuangushia hata tembo. Kwenye utando wa seli za mnyama kuna pampu ndogondogo zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Kadenolaidi hujikita kwenye pampu hizo na kuzikwamisha, mapigo ya moyo yakavurugika mpaka ukasimama. Monaki alichofanya, katika vizazi visivyohesabika, ni kubadili kitasa. Pampu yake imebadilika sehemu tatu muhimu kiasi kwamba ufunguo wa sumu haukai. Mwaka 2019 watafiti waliingiza mabadiliko hayo matatu kwenye jeni za inzi wa matunda, na inzi hao wakaanza kuhimili sumu ambayo ingewaua wenzao.

Lakini asije mtu akadhani kiwavi anakula kwa raha. Anapotoka kwenye yai hafikii hata urefu wa punje ya mchele, na jani analosimamia lina vinyweleo upande wa chini. Anaanza kwa kuvinyoa, kimoja kimoja. Kisha anatafuna mfereji mdogo wa duara, utomvu unachuruzika kwenye mkato, naye anangoja upungue ndipo ale kilichomo ndani ya duara. Wengi hawafiki hapo. Tone moja likimpata mdomoni hugandia pale pale, akafa siku ya kwanza ya maisha yake. Akishakua hubadili mbinu. Hupanda hadi kwenye kikonyo, akakitafuna nusu, jani zima likalegea na kuning'inia. Utomvu haufiki tena kwenye ncha. Ni kama fundi bomba anayefunga maji kwenye mita kabla hajagusa koki ya jikoni. Baada ya hapo anakula mfululizo kwa wiki mbili hivi, na uzito wake unaongezeka kama mara 2,000.

Sumu anayoikwepa kwa ustadi wote huo haitupi. Huihifadhi mwilini, na mabawa yale ya chungwa yanaitangaza. Katika miaka ya 1960 mtafiti Lincoln Brower alimlisha monaki ndege wa buluu wa jamii ya kunguru aliyekuwa hajamwona kabla. Ndege akameza, muda si muda akatapika, na tangu siku hiyo hakutaka hata kumtazama kipepeo huyo. Jaribio lenyewe lilikuwa na upande wa pili: Brower alifanikiwa kukuza viwavi kwa kabichi, na monaki wa kabichi aliliwa kama kitafunwa chochote. Kumbe kinga yote imetoka kwenye gugu.

Anayetaka kuliona jambo hili bila kupanda ndege amtafute binamu wa monaki, Danaus chrysippus, ambaye amejaa Afrika Mashariki. Niliwahi kumwona akitaga kwenye kichaka kando ya barabara, mmea ule wa maganda ya kijani yaliyofura kama puto na kuota nywele, nao ni wa ukoo mmoja na gugu-maziwa. Jike alikunja ncha ya tumbo chini ya jani, akaacha yai moja jeupe, akaruka, akarudi kwenye jani jingine akaacha jingine. Kwenye jani la tatu juu yake alikuwapo kiwavi mwenye milia myeusi, myeupe na ya manjano, na pembe laini jozi tatu; monaki ana jozi mbili. Huku kwetu yuko hata tapeli wake: jike wa Hypolimnas misippus hana sumu yoyote, ila amevaa sare za chrysippus, na ndege wanamwachia apite. Katika miaka ya 1970 mtafiti D. A. S. Smith aliwachunguza wawili hawa Dar es Salaam. Chrysippus naye huhamahama na mvua, lakini hana safari ya kulinganishwa na ya Meksiko.

Sasa tuje kwenye hesabu. Monaki wa Meksiko hawahesabiwi mmoja mmoja, haiwezekani. Hupimwa eneo la msitu walilolifunika. Msimu wa 1996–97 walifunika zaidi ya hekta 18. Msimu wa 2013–14 ilikuwa hekta 0.67, yaani hawakutosha kujaza uwanja mmoja wa mpira. Miaka mitano baadaye wakapanda kupita hekta 6 kidogo, watu wakashangilia. Msimu wa 2023–24 wakashuka hadi hekta 0.9, na uliofuata wakawa 1.79. Kundi jingine, la magharibi, ambalo hupitisha baridi kwenye pwani ya California, lilihesabiwa mwishoni mwa 2020 wakapatikana chini ya 2,000. Mwaka mmoja baadaye wakawa zaidi ya 247,000. Wadudu ndivyo walivyo, hupanda na kushuka. Ila ukiangalia miaka 30 kwa pamoja, mshuko ni mkubwa kuliko mpando.

Wa kwanza kunyooshewa kidole ni shamba la mahindi na soya. Jimbo la Iowa na majirani zake ndilo lililokuwa chumba cha kujifungulia cha monaki wengi wanaofika Meksiko. (Huko ni mahindi mpaka macho yachoke.) Kwa miaka mingi magugu-maziwa yaliishi humo humo katikati ya mistari. Trekta ilipita ikayakata, mizizi ikayachipusha, na mkulima akayavumilia kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Mwaka 1996 ikaja mbegu ya soya iliyobadilishwa vinasaba isidhurike na dawa ya kuua magugu iitwayo glyphosate, na miaka miwili baadaye mahindi ya namna hiyo. Ni dawa ile ile inayouzwa kwenye maduka yetu ya pembejeo. Tofauti ni kwamba huku tunapulizia kabla ya kupanda, na kule mtu anapulizia shamba zima mazao yakiwa yamesimama. Yanabaki mazao peke yake, maana dawa hii husafiri hadi mizizini. John Pleasants na Karen Oberhauser walikadiria kwamba kati ya 1999 na 2010 eneo hilo la kati ya Marekani lilipoteza asilimia 58 ya magugu-maziwa yake. Lililouma zaidi ni hili: magugu ya ndani ya mashamba ndiyo yaliyokuwa yakipendwa, kila shina likipata mayai karibu mara nne ya shina la nje. Kwa hiyo uzao wa monaki katika eneo hilo ulishuka kwa asilimia 81.

Siwezi kumlaumu mkulima kwa kung'oa magugu. Ndiyo kazi yake, na nani kati yetu amewahi kuacha gugu shambani kwa ajili ya mdudu?

Wako wanasayansi wasiokubali kwamba habari inaishia hapo. Anurag Agrawal wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika kitabu chake cha 2017, anahoji: kama tatizo ni uhaba wa majani ya kiwavi, mbona hesabu za kiangazi kule kaskazini hazijashuka kwa kiasi kinacholingana na zile za Meksiko? Anaelekeza macho kwenye safari ya kusini, ambako kuna ukame wa Texas, uhaba wa maua ya vuli na hatari nyingine za njiani. Hoja ni nzito. Hata hivyo naona mabishano haya yanafanana na ya wanandugu waliofilisi duka: mmoja anasema mtaji ulikuwa mdogo, mwingine anasema hasara ilikuja mwishoni. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, na mwenye mtaji mdogo hasara humwumiza zaidi.

Kule Meksiko nako kuna hesabu zake. Miti wanayolalia, oyameli wa jamii ya misonobari, ni blanketi na mwavuli kwa pamoja: msitu uliosongamana unazuia baridi kali ya usiku na kuwakinga na mvua, kwa kuwa kipepeo aliyelowa huganda upesi kuliko aliye mkavu. Januari 2002 mvua ikafuatwa na baridi kali, na zaidi ya theluthi mbili ya vipepeo katika makundi makubwa wakafa, wakalala chini kama zulia. Msitu ukitobolewa na msumeno, mwavuli unavuja. Eneo lilianza kulindwa miaka ya 1980, likapanuliwa mwaka 2000 hadi hekta zaidi ya 56,000, na 2008 likaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Lakini ardhi ni ya wanavijiji, na mbao ni fedha. Homero Gómez González, aliyekuwa mkata miti kabla ya kuwa mlinzi wa vipepeo katika hifadhi ya El Rosario, alitoweka Januari 2020 na mwili wake ukapatikana wiki mbili hivi baadaye.

Katika habari hizi wengi hupotea mahali pamoja: wanadhani monaki anakwisha duniani. Hakwishi. Tangu karne ya 19 amesambaa hadi Hawaii na Australia, na leo yuko hata Hispania, popote palipopelekwa mimea ya ukoo wa gugu-maziwa. Kinachokwisha ni safari. Mdudu atabaki, ila yule kilembwe wa miezi minane anaweza kutoweka tusijue, kwa kuwa kwa macho hana tofauti kubwa na nduguze. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walijaribu monaki wa kufugwa, wale wanaouzwa kurushwa kwenye harusi na sherehe, wakakuta wamekwishapoteza mwelekeo wa kusini. Rangi ni ile ile, mabawa yale yale, dira hakuna.

Hii ndiyo sababu wito wa "panda gugu-maziwa" una mtego ndani yake. Wamarekani wameitikia kwa moyo mmoja, wamepanda shuleni, makaburini, kando ya barabara kuu. Wengi wa kusini, Texas na Florida, walichokipata kwenye maduka ya miche ni Asclepias curassavica, spishi ya nchi za joto yenye maua mekundu na manjano. Inapendeza, inaota upesi, viwavi wanaipenda. Na haifi. Magugu-maziwa ya asili hukauka vuli ikifika, yakarudi chini ya ardhi hadi majira ya kuchipua. Hii inabaki na majani mabichi Desemba, Januari, Februari, ikimwambia kila monaki anayepita kwamba msimu bado haujaisha. Baadhi wanasikia. Wanaacha safari, wanataga hapo hapo.

Na hapo ndipo kimelea kiitwacho Ophryocystis elektroscirrha kinapopata makazi ya kudumu. Mbegu zake ni vumbi lisiloonekana kwenye tumbo la kipepeo. Jike anapotaga huzidondosha juu ya jani, kiwavi akazila, na anayetoka kwenye pupa anatoka dhaifu, wengine na mabawa yaliyokunjamana yasiyofunguka kabisa. Sonia Altizer wa Chuo Kikuu cha Georgia ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba safari ndefu ilikuwa tiba: mgonjwa haimalizi, na mzima huyaacha majani yaliyochafuka nyuma yake, baridi ikayaua. Vipepeo waliokaa mwaka mzima mahali pamoja wameambukizwa kwa kiwango kikubwa kuliko wasafiri.

Ushauri unaotolewa kwa wenye bustani za kusini kwa hiyo ni mgumu kuusikia kwa mtu aliyepanda kwa mapenzi. Wapande spishi za asili ya mahali hapo. Walio na ile ya maua mekundu tayari waikate Oktoba, ibaki visiki vya sentimita 15, na ikichipua waikate tena, hivyo hivyo hadi Februari. Mtu wa Houston anatoka asubuhi na mkasi wake, anakuta mmea umechanua kuliko mwezi wowote, jani la juu lina yai moja jeupe, na jike mwenye mabawa mapya anazunguka akitafuta pa kuongeza jingine. Inambidi aanze kukata akimtazama.